Dirisha Lililoshonwa

Suruali ile ilipotoka chumbani ilikuwa nyeusi. Kwa hilo Mama Pindo angeweza kula kiapo mbele ya mtu yeyote. Aliikata mwenyewe, akaishona mwenyewe, akaipiga pasi mwenyewe mpaka mstari wa mbele ukasimama kama umechorwa kwa rula. Na muda wote huo, chini ya taa ya chumba cha ushonaji, ilikuwa suruali nyeusi, miguu yote miwili, haina neno.

Jumapili mwenye suruali akaivaa.

Mwenye suruali alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mrefu, mpole, asiye na makuu. Na kazi ya mwalimu wa kwaya, kama unavyojua, ni kuwapa watu mgongo. Yeye anawatazama waimbaji wake na kupunga mikono, na umati wote uliokuja kusikiliza unabaki kutazama kisogo chake na suruali yake. Siku hiyo waliimbia uwanjani, jua la saa nne limewaka kisawasawa. Ubeti wa kwanza haujaisha, watu wa viti vya mbele wakaanza kuchekea viganjani. Mguu wa kushoto wa mwalimu ulikuwa mweusi. Wa kulia ulikuwa bluu.

"Nyimbo sita, dada!" alisema Spika Jumatatu asubuhi, suruali ameiweka mezani kama ushahidi. "Kaimbisha nyimbo sita, mikono inakwenda pamoja na miguu haijuani!"

Spika alikuwa ndugu mdogo wa kike wa Mama Pindo, baba mmoja mama mmoja. Chumba kilikuwa chake, yeye ndiye aliyepokea wateja na kuwapima. Jina la Spika alipewa kwa haki. Akikupima kiuno ghorofani, wanaopita barabarani wanakwenda zao wakijua namba yako. Mama Pindo naye hakuna mtoto aliyemzaa akamwita Pindo. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu ajifunze cherehani hakuna pindo alilolishona likafumuka.

"Bluu nzito na nyeusi," alisema Mama Pindo polepole, akiipapasa suruali. "Chini ya taa hii ni mapacha. Unajua kila nguo nyeusi huwa naishusha chini nikaione juani. Siku ile goti lilikuwa linaniuma, ngazi kumi na tisa sikuziweza. Nikaiamini taa."

"Mimi nasema macho."

"Mimi nasema chumba."

"Dada, umeshona miaka mingi, umetuvalisha sote. Pumzika. Nitakuwekea kiti cha plastiki pale mlangoni, kizuri, cha mikono. Utapokea wateja, utawapa pole ya jua, utapanga vifungo."

Washonaji wengine wanne, waliokuwa wamesimamisha cherehani zao ili wasikie vizuri, wakazikanyaga tena kwa nguvu zote kana kwamba hawakusikia.

Kupanga vifungo! Kupumzika hakukumtisha Mama Pindo. Kilichomtisha ni kukaa mlangoni anasikia cherehani yake ikikanyagwa na mguu wa mtu mwingine.

"Nipe jaribio," alisema.

Spika akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na sauti tu. "Haya. Mwalimu anarudi Jumamosi saa tisa na kitambaa kingine. Kabla hatujamkatia, nitakuwekea roli kumi za uzi, nyeusi na bluu nzito, nimezibandua karatasi zake. Utazitenga humu humu chumbani, bila kushuka ngazi hata moja. Ukizitenga sawa, suruali unashona wewe, na mimi juu ya habari hii nafunga mdomo."

"Wewe? Ufunge mdomo?" alisema mshonaji mmoja, na chumba kizima kikaangua kicheko, Spika mwenyewe akiwa wa kwanza.

Lakini Mama Pindo alipobaki peke yake, alilitazama dirisha lililozibwa.

Chumba chenyewe kilikuwa juu kabisa, chini ya bati. Kilikuwa na dirisha moja tu, kubwa, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, lakini lilitazama magharibi. Kuanzia saa nane jua liliingia humo kama mdai. Lilipausha vitambaa kwenye rafu, likachora mistari mikali mezani hata mtu hajui chaki yake iko wapi, na joto likawafanya wateja wanaojaribu nguo wazivue zimelowa jasho. Mwaka ule walipohamia walivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu Spika akalipigilia dirisha plaiwudi, juu yake blanketi. Tangu hapo chumba kikawa na ahueni kidogo ya joto, na giza. Wakashona chini ya taa ya manjano mchana kweupe, kama watu wa pangoni.

Jumanne mjukuu wake alipopita kumsalimu alimkuta amekaa bila kazi, jambo lisilo la kawaida.

Mjukuu huyu alikuwa binti wa mwanawe mkubwa, na mwenyewe alikuwa fundi wa madirisha na mapaa kwenye karakana moja upande wa pili wa mji. Yeye na bibi yake waliitana mke mwenza tangu msichana alipojua kuongea.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Mume wetu mzima huko aliko?"

"Babu yuko kwenye redio yake, hata hajui nimeondoka. Na wewe mbona umenuna? Nimesikia habari ya suruali."

"Imefika hadi kwenu?"

"Bibi, bibi mdogo akisema jambo, kuna mji usiofikiwa?"

Mama Pindo akamweleza yote, jaribio, roli kumi na kiti cha plastiki. Mjukuu alisikiliza huku akilipima dirisha kwa macho, kisha kwa futi yake ya chuma, kisha akaweka kiganja kwenye plaiwudi akakitoa haraka.

"Hili dirisha halina kosa," alisema. "Mnataka mwanga wake, hamtaki joto lake. Kuna kitu karakana kwetu kinaweza kuvitenganisha hivyo viwili. Kimebaki kwenye kazi ya paa la maktaba, bosi kasema masalia nichukue mimi. Nitakuletea."

Alasiri ile ile alirudi na gunia jeupe la plastiki. Mama Pindo alikuwa ameshuka chini kukagua rangi ya sketi, goti lake likimlaani kila ngazi. Mjukuu hakumkuta. Akaliweka gunia pembeni, akamwambia Spika, "Bibi mdogo, hiki ni cha dirisha, kesho naleta mbao na plastiki zake." Spika alikuwa amezunguka nyuma ya mteja mnene na futi mkononi. Akaitikia, "Sawa sawa, mwanangu, tisini na nane!" Na habari ya gunia ikaishia hapo.

Sasa, ile pembe lilipowekwa gunia ndiyo pembe ya vijazio. Humo huwekwa pamba, sufi, vipande vya sponji na vitambaa vilivyokatwakatwa, kila kitu cha kujazia mito. Mama Pindo alipopanda akaliona, akalifungua. Ndani mlikuwa na punje nyeupe zinazopitisha mwanga, nyingine kubwa kama punje ya mtama, nyingine ndogo kama ya mchele uliokatika. Akatia mkono. Hakuhisi kitu! Alichota konzi nzima, na uzito wake ulikuwa kama wa kufumba ngumi tupu.

"Siku hizi wanatengeneza vijazio vya ajabu," alijisemea. "Hii hata sufi itaionea wivu."

Na kwa sababu kichwani mwake kiti cha plastiki kilikuwa kinamkera tangu jana, aliamua jambo. Kama atakaa mlangoni, atakaa kwa heshima, juu ya mto alioushona mwenyewe. Akachukua kitambaa chekundu kizito, akakishona. Mama Pindo hashoni mto wa mfuko mmoja, maana mto wa mfuko mmoja baada ya mwezi kijazio chote kimekwenda pembeni na wewe umekaa juu ya kitambaa kitupu. Yeye huugawa kwa mishono, vichochoro vyembamba upana wa vidole viwili, kila kimoja akakijaza na kukifunga. Akatumia karibu theluthi ya gunia. Mto ukatoka mzuri, umetuna, mwepesi kama hewa.

Jumatano asubuhi Spika akauona juu ya kiti.

"Aa, dada! Umekubali! Sasa hii ndiyo busara," alisema, na kwa furaha akajitupa juu yake kuujaribu.

Mto ukasema *pffuuu*.

Kwanza ilisikika sauti kama ya mtu anayekanyaga makapi makavu. Kisha kwenye matundu ya mshono likatoka vumbi jeupe, laini kuliko poda ya mtoto, likapanda juu. Spika akapotea ndani yake, ikabaki sauti yake peke yake ikitoka kwenye wingu:

"Nimevunja nini? Dada! Nimekaa juu ya nini?"

Hapo ndipo mjukuu alipoingia, mbao begani. Akasimama mlangoni, akamtazama bibi yake mdogo aliyekuwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, akautazama mto, akalitazama gunia. Mbao akaziweka chini taratibu.

"Mmekalia dirisha," alisema.

Washonaji wakavunjika mbavu. Mmoja ilibidi aondoe mguu kwenye cherehani asije akajishona. Lakini mjukuu hakucheka mpaka alipofungua mlango hewa ipite, akawapa barakoa wote, akamsukuma Spika kwenye beseni.

"Halina sumu, lakini kulivuta puani si vizuri, na mikono itakukauka."

"Imekauka tayari! Nahisi nimeshika chaki za shule nzima. Na mbona maji hayashiki?" Kweli, Spika alijimwagia maji na maji yakakimbia juu ya mikono yake kwa matone ya mviringo, kama juu ya jani la gimbi.

"Zimetengenezwa zisinywe maji. Bibi mdogo, sabuni, tena sabuni nyingi."

Spika alipokwisha kurudia rangi yake, mjukuu akawaketisha. Kitu hicho kinaitwa aerojeli, alisema. Kimetokana na silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Kwanza wanatengeneza jeli, laini, imejaa maji maji. Ukiiacha ikauke yenyewe inanywea kama tunda lililosahauliwa juani. Lakini zipo njia za kuyatoa yale maji maji bila ile nyumba yake ya ndani kuporomoka, na palipokuwa na maji pakaingia hewa.

"Kwa hiyo jeli imelaghaiwa," alisema Mama Pindo. "Maji yametoka, yenyewe haijui."

"Haijui hadi leo, mke mwenzangu. Karibu yote ni hewa, imefungiwa kwenye vitundu vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Joto likija linazunguka humo linakosa pa kutokea. Mwanga wenyewe unapita, ila unatawanyika, unaingia umepoa, hauchori mistari. Lakini ni dhaifu. Ukiikalia..."

"Tumeona ukiikalia," alisema Spika.

Mama Pindo hakucheka. Alikuwa amehesabu moyoni: theluthi ya dirisha lake imekwenda chini ya makalio ya mdogo wake, na aliyeipeleka huko ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake. "Itatosha iliyobaki?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutajaribu."

Mjukuu akatengeneza kitu kama sanduku jembamba, mabamba mawili ya plastiki ngumu iliyo wazi kama kioo, katikati nafasi ya vidole vitatu. Akamimina punje kwa juu. Zikajaa hadi shingoni, zikabakiza nafasi ndogo isiyofika unene wa kidole. Wakang'oa plaiwudi, wakaliweka sanduku mahali pake, wakaziba kingo zote.

Na chumba kikabadilika. Sijui niseme kikawaje. Hakikuwa na jua, kilikuwa na mchana. Mwanga uliingia mweupe, mtulivu, ukaenea hadi nyuma ya rafu ambako hakuna aliyejua kwamba ukuta ulikuwa wa kijani. Saa nane ikafika, saa tisa ikafika, jua likaja na hasira zake zote likasimama nje. Mama Pindo aliweka nyuma ya mkono wake kwenye plastiki, vile anavyoipima pasi. Akashangaa. Jua lilikuwa pale pale upande wa pili, na mkono wake haukuungua. Akachukua uzi, akatunga sindano mara moja, bila kulamba.

"Mke mwenza," alisema, "mume ni wako, nimekuachia."

Alilala usingizi mtamu siku hiyo. Na ndiyo maana Alhamisi ilimuuma zaidi.

Alhamisi saa nane na nusu mstari mkali ulikata meza katikati. Ulikuwa mwembamba, mkali, wa moto, ukapita juu ya kitambaa alichokuwa anakikata na kumpiga machoni hadi akaweka mkasi chini. Wote wakatazama juu. Sehemu ya juu ya dirisha ilikuwa tupu, upana wa kiganja kizima, na jua limepata mlango wake.

"Zimeshuka!" alisema Spika. "Jana zilikuwa juu, leo zimeshuka! Nani amezila?"

Mjukuu alipofika jioni kutoka kazini alisimama akitazama, akashika ukuta, akawaambia wakanyage cherehani zote tano kwa pamoja. Wakakanyaga. Ukuta ukatetemeka, na ndani ya sanduku punje zikateleza kidogo kidogo, zikijipanga, zikishuka.

"Ni cherehani," alisema, na uso ukamshuka. "Maktaba hakuna kitu kinachotetemeka. Hapa mnazitikisa kutwa nzima. Nikiongeza punje zitashuka tena. Na za kuongeza sina. Kuna plastiki za kiwandani zenye vyumba vidogo vidogo ndani yake, lakini kuzipata ni mwezi."

"Jaribio ni keshokutwa," alisema Mama Pindo.

Spika alikohoa. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Dada, kile kiti, hakuna haraka..."

"Kiti kiko wapi?"

"Kile pale."

"Na mto?"

Mto mwekundu ulikuwa umetupwa nyuma ya mlango. Mama Pindo akauokota, akaupapasa kwa vidole. Katikati, alipokaa Spika, ulikuwa umebaki vumbi. Lakini vichochoro vya pembeni vilikuwa vimetuna vile vile kama siku alipovijaza, kona hadi kona. Mto ule ulikuwa umekaliwa, umerushwa, umepigwa teke na kila aliyefungua mlango, na punje za pembeni hazikwenda popote. Zingekwenda wapi? Kila moja ilikuwa na chumba chake.

Akaketi na mto mapajani. Akiwa anafikiri hivi, watu wa chumba kile hawamsemeshi.

"Mke mwenzangu," alisema mwishowe, "umetengeneza dirisha zuri. Ila umelishona kama mto wa mfuko mmoja."

Mjukuu akamtazama. Akautazama mto. Akaketi sakafuni, akacheka peke yake. "Endelea, bibi."

"Ile nailoni nene, ya wazi, ya kufunikia meza. Nishone vichochoro, upana wa vidole viwili. Tuvijaze, tuvifunge, tuvipange humo ndani ya sanduku lako."

"Vimesimama?"

"Vikisimama si yale yale? Zitashuka ndani ya kichochoro. Vilale. Kichochoro kilicholala, hata zikishuka, zinashuka unene wa uzi. Na tupange safu mbili, moja mbele, moja nyuma, mshono wa hii ukutane na tumbo la ile. Jua likipata upenyo huku, linagonga kule."

"Na za kujaza zote zinatoka wapi?"

"Za sanduku, na za mto. Chekecheke liko jikoni kwako, mdogo wangu. Vumbi lipite, nzima zibaki."

"Langu?" alisema Spika. "Chekecheke langu jipya?" Lakini alikuwa tayari amefika mlangoni kulichukua.

Ijumaa hakuna nguo iliyoshonwa chumbani mle. Kilishonwa dirisha. Na nailoni si kitambaa, ina visa vyake. Inanata chini ya mguu wa cherehani, haisogei, inajikunja. Mama Pindo akaweka karatasi nyembamba juu na chini, akashona pamoja nayo, kisha akaichana karatasi taratibu. Mshonaji wa pembeni akamsaidia kipande kimoja kwa mshono mfupi mfupi, nadhifu, na alipokivuta kikakatika pale pale kwenye matundu kama karatasi ya stempu.

"Mshono mrefu, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Huyu ukimchoma sana anakufa."

Kujaza nako kulikuwa mchezo mwingine. Punje zilirukia nailoni zikaganda kwa umeme wa kusuguana, zikapanda glavu, zikapanda barakoa, moja ikakaa kwenye nyusi ya Spika siku nzima na hakuna aliyemwambia. Walitumia faneli ya karatasi. Mjukuu, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alimimina. Spika alishikilia mdomo wa kichochoro na kwa sababu kila mtu alimwomba asipumulie punje, alikaa kimya karibu saa mbili. Watu wa chini walituma mtu kuuliza kama kuna mgonjwa.

Ilipofika saa kumi na moja wakalirudisha sanduku ukutani, safu mbili za vichochoro vilivyolala, mistari myembamba kama godoro lililoshonwa. Mama Pindo akasema, "Cherehani zote." Wakakanyaga tano kwa pamoja, robo saa nzima, mpaka vikombe vikatembea mezani. Kisha wakaacha, wakatazama juu.

Hakuna hata punje iliyohama.

Jumamosi saa tisa mwalimu wa kwaya aliwasili na kitambaa chake kwenye mfuko. Jua lilikuwa limesimama magharibi, kali hata mbwa wa barabarani wamekimbilia chini ya ngazi. Mwalimu alipanda zile ngazi kumi na tisa, akaingia, akavua kofia kujiandaa kujipepea, halafu hakujipepea. Akageuka huku na huku.

"Mmehamisha jua?" aliuliza.

"Kaa, mwalimu," alisema Spika. "Umefika kwenye kesi yako."

Taa ilizimwa. Spika akamwaga roli kumi za uzi mezani, hazina karatasi hata moja. Cherehani zikanyamaza. Mama Pindo akaketi, akazivuta mbele yake. Hakuzigusa kwanza, alizitazama. Kisha akaanza kuzitenga kwa kidole, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Hii kulia. Hii kulia. Hii kushoto. Mara mbili tu alisita, akaukunjua uzi kidogo, akauweka juu ya karatasi nyeupe. Nyeusi tano kushoto. Bluu nne kulia.

Roli ya kumi ikabaki mkononi mwake. Akaigeuza, akaisogeza dirishani, akairudisha, akaiweka katikati ya meza, peke yake.

"Hii si nyeusi wala bluu," alisema. "Hii ni zambarau."

"Zambarau!" Sauti ya Spika ikarudi yote kwa mkupuo. "Dada, nimeziweka mimi mwenyewe! Nyeusi sita, bluu nne! Hiyo ni nyeusi, tena ndiyo nyeusi ninayoitumia mimi kila siku, imekaa kwenye droo yangu mwaka mzima!"

Mama Pindo aliweka mikono mapajani. "Hiyo ni zambarau, mdogo wangu."

"Twendeni juani!" alisema Spika. "Mwalimu, wewe ndiye shahidi."

Wakashuka wote isipokuwa Mama Pindo. Yeye alikuwa amekubali kutoshuka ngazi hata moja, akakaa pale pale kwenye cherehani yake, akisikiliza viatu vikishuka, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.

Kisha kicheko. Kilianza na mjukuu, kikashika washonaji, kikamshika hata mwalimu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Na juu yao wote sauti ya Spika ikapanda hadi dirishani, na ng'ambo ya barabara, na pengine hadi kwenye redio ya babu:

"Zambarau! Dada, ni zambarau kama biringanya! Na mimi nimepinda nayo sketi yangu nyeusi! Nimepinda nayo sketi za shule nzima!"

"Bibi mdogo," alisikika mjukuu, "hebu geuka. Aa! Pindo lote!"

"Samahani," alisikika mwalimu wa kwaya akisema, kwa wasiwasi, "na kanzu thelathini za waimbaji wangu, zile nyeusi, mapindo alipinda nani?"

Spika alikuwa ameshazigeukia ngazi.

Mama Pindo alisikia viatu vikianza kupanda. Akakipanua kitambaa cha mwalimu juu ya meza, chote, kutoka ncha hadi ncha, chini ya mwanga ule mweupe uliopoa. Kilikuwa cheusi, kote. Akachukua chaki. Spika alipotokea mlangoni akihema, nyusi zimepanda, dada yake alikuwa ameshasimama. Alikisukuma tu kile kiti cha plastiki kwa mguu mpaka karibu na dirisha, penye mwanga mzuri zaidi.

"Kaa hapa, mdogo wangu," alisema. "Jumatatu tutakupeleka ukapimwe macho. Leo nisomee vipimo vya mwalimu. Polepole, asije akasikia mtu wa chini."

Spika akakaa. Kiti hakikuwa na mto, na hakulalamika.